Maswali ya Wasomaji: Klabu Kubwa ya Mji Mdogo

Katika toleo lililopita tuliandika aya chache kuhusu Bishop Auckland, klabu ya mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, katika jimbo la Durham, ambayo mwaka 1958 iliwaazima Manchester United wachezaji watatu. Aya zile zimetuletea barua nyingi kuliko makala kuu ya toleo zima. Nimechagua saba za kujibu hapa. Wale waliotaka nitabiri bingwa wa msimu huu wanisamehe, kwa kuwa ukurasa huu si wa ramli.

Mhariri, salaam. Mnasema klabu hii ipo "nje ya Ligi", kisha mstari unaofuata mnasema imetwaa ubingwa wa ligi mara 19. Tushike lipi?

Ndugu msomaji, shika yote mawili, na lawama za mkanganyiko huo wapelekee Waingereza wenyewe. Mwaka 1888 klabu 12 zilianzisha mashindano yaliyoitwa Football League, na kwa kuwa hapakuwa na mengine ya aina hiyo duniani, watu walizoea kuyaita "Ligi" bila kuongeza neno. Mazoea hayo hayajafa. Hadi leo klabu 92 za madaraja manne ya juu, yaani 20 za Ligi Kuu na 72 za madaraja matatu yanayofuata, ndizo zinazohesabiwa kuwa ndani ya Ligi, na nyingine zote, hata zile zenye wachezaji wa kulipwa na viwanja vizuri, husemwa kuwa ziko nje.

Huko nje nako kuna ligi chungu nzima, zilizopangwa moja juu ya nyingine mithili ya ngazi. Northern League, yaani Ligi ya Kaskazini, ambayo Bishop Auckland iliitwaa mara hizo 19, ilianzishwa mwaka 1889, mwaka mmoja tu baada ya ile kubwa, na kati ya ligi zinazoendelea duniani ni ya pili kwa umri. Siku hizi daraja lake la kwanza liko ngazi ya tisa kutoka juu. Ligi yenye umri wa namna hiyo inasikitisha kidogo kuikuta chini kiasi hicho, lakini sababu zake nitazieleza katika barua ya tatu.

Kwa nini jezi zao ni za buluu mbili, na kwa nini wanaitwa Maaskofu?

Jina la Maaskofu linatokana na mji. Kwa karne nyingi maaskofu wa Durham walikuwa na kasri lao hapo Auckland, na neno "Bishop" katika jina la mji maana yake ni askofu. Asili ya rangi inapendeza zaidi. Katika miaka ya 1880 Askofu Joseph Lightfoot aliwakaribisha kasrini vijana waliomaliza masomo Oxford na Cambridge ili wasomee uchungaji chini yake. Vijana wale walikuja na Biblia zao, wakaja na mpira pia. Kutokana na soka lao ilizaliwa timu ya kanisa, na baada ya mgawanyiko wa mwaka 1886 ikapatikana klabu inayouhesabu mwaka huo kuwa wa kuzaliwa kwake. Buluu iliyokoza ni ya Oxford na buluu iliyopauka ni ya Cambridge. Klabu ikazichukua zote mbili, na ndiyo maana mashabiki huiita pia Buluu Mbili.

Jambo linalonichekesha ni kwamba waliokuja kuzivaa rangi hizo za vyuo vya mabwana, na waliozishangilia, walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa machimbo ya makaa ya mawe na reli, ambao Oxford waliijua kwa kuisikia.

Mheshimiwa mjibu maswali, ikiwa timu ilitwaa kombe la taifa mara kumi na kucheza Wembley mbele ya watu 100,000, ilikuwaje leo icheze mbele ya mamia tu? Nani aliiangusha?

Hakuna aliyeiangusha. Kombe ililokuwa ikilitawala lilifutwa, na pamoja nalo likafutwa kundi zima la wachezaji ambalo Bishop Auckland ilikuwa mfalme wake. Hili linataka maelezo marefu, kwa hiyo naomba subira.

Kuanzia msimu wa 1893/94 chama cha soka, FA, kiliwawekea wachezaji wa ridhaa kombe lao, wasije wakamezwa na timu za kulipwa katika Kombe la FA. Lilijulikana kama Amateur Cup. Bishop Auckland ililichukua kwa mara ya kwanza mwaka 1896 na mara ya kumi mwaka 1957, na mara tatu za mwisho zilifuatana: 1955, 1956 na 1957. Hakuna klabu nyingine iliyolitwaa mara kumi, wala iliyolitwaa mara tatu mfululizo. Ongeza fainali nane ilizopoteza, upate fainali 18. Tangu mwaka 1949 fainali zilichezwa Wembley, na mwaka 1951, Bishop Auckland ilipofungwa 2-1 na Pegasus, timu ya wanafunzi na wahitimu wa Oxford na Cambridge, watazamaji walikuwa 100,000. Naam, Buluu Mbili walifungwa na wenye buluu zao.

Mchezaji wa ridhaa kwa sheria hakupaswa kulipwa kitu zaidi ya nauli na gharama zake. Wengi wa nyota wa Bishop Auckland walikuwa walimu, nao Jumatatu asubuhi walitakiwa wawe mbele ya darasa. Lakini sheria ni jambo moja na chumba cha kubadilishia nguo ni jambo jingine. Kulikuwa na desturi iliyoenea katika soka la ridhaa: mchezaji anarudi kutoka bafuni, anainua kiatu chake cha kwendea nyumbani, anakuta ndani yake noti au sarafu ambazo hakuna aliyeziweka na hakuna atakayeziulizia. Waingereza wakaziita pesa za kiatu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mambo yalifumuka katika mji jirani wa Crook, na wachezaji zaidi ya 300 wa jimbo la Durham wakafungiwa kwa kupokea zaidi ya walichoruhusiwa. Ukifikia kufungia watu 300, ndugu yangu, ujue tatizo limo katika sheria kuliko katika watu.

Kitu kilichoishikilia hali hiyo kwa muda mrefu ni kwamba hata wachezaji wa kulipwa hawakulipwa sana. Kulikuwa na kikomo cha mshahara, na hadi kilipoondolewa mwaka 1961 nyota mkubwa kuliko wote nchini hakuruhusiwa kupata zaidi ya pauni 20 kwa wiki. Mwalimu mwenye ajira ya kudumu na pensheni, ambaye Jumamosi anacheza mpira na kurudishiwa nauli kwa ukarimu, hakuwa na sababu kubwa ya kuacha chaki. Baada ya 1961 hesabu hiyo haikutoka tena. Mwaka 1974 FA ikafuta tofauti kati ya ridhaa na kulipwa, wote wakawa wachezaji tu, na Amateur Cup ikafikia mwisho wake. Badala yake klabu ndogo zikaanzishiwa Kombe la Vase. Bishop Auckland ikajikuta na makombe kumi ya mashindano ambayo mtoto aliyezaliwa mwaka huo asingeyaona kamwe.

Hapo unaweza kuuliza: je, isingeweza kupanda kama wengine? Wimbledon, mabingwa wa ridhaa wa mwaka 1963, waliingia Ligi mwaka 1977 na mwaka 1988 wakabeba Kombe la FA lenyewe. Wycombe Wanderers, ambao Bishop Auckland iliwafunga 3-1 katika fainali ya 1957, wameingia Ligi tangu 1993. Lakini kwa miaka mingi mlango wa Ligi ulifunguliwa kwa kura. Klabu za mkiani ziliomba kubakizwa, za nje ziliomba kuingizwa, na waliopiga kura walikuwa haohao waliomo ndani; ni 1987 tu ndipo bingwa wa nje alipoanza kupanda moja kwa moja, na Scarborough wakawa wa kwanza. Northern League, kwa upande wake, ilijivunia umri wake kiasi cha kukataa mwaliko wa kuungana na ligi nyingine za nje mfumo wa pamoja ulipoanza mwaka 1979. Kwa maoni yangu kosa kubwa lilikuwa hilo kuliko yote. Bishop Auckland ilipoamua kuondoka peke yake mwaka 1988 na kujiunga na Northern Premier League, ligi ya nje iliyokuwamo katika mfumo huo, wenzake walikwishatangulia mbali, na mwaka 2006 ilirudi ilikotoka.

Mengine ni jiografia na uchumi. Newcastle, Sunderland na Middlesbrough zote ziko umbali usiofika kilomita 50, na mwenye gari hakosi pa kwenda Jumamosi. Migodi ya magharibi mwa Durham ilifungwa kwa wingi katika miaka ya 1950 na 1960, na pamoja na migodi ilikwenda ile zamu iliyomalizika Jumamosi mchana, wanaume wakapitia uwanjani kabla hawajafika nyumbani.

Hao wa ridhaa waliwahi kuwafunga wa kulipwa, au walitamba wao kwa wao?

Waliwahi. Katika Kombe la FA la msimu wa 1954/55 Bishop Auckland iliifuata Crystal Palace hukohuko London ikaifunga 4-2. Raundi ya tatu ilitoka sare 2-2 na Ipswich Town iliyokuwa daraja la pili, ikaileta nyumbani na kuifunga 3-0. Ilitolewa raundi ya nne na York City kwa 3-1, na York yenyewe msimu ule ilifika nusu fainali.

Kwa mashabiki wa Chelsea nina zawadi ndogo. Seamus O'Connell, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa ng'ombe, aliyechezea Bishop Auckland, alikuwa akichezea Chelsea pia bila kusaini mkataba wa kulipwa. Mechi yake ya kwanza huko, Oktoba 1954, alifunga magoli matatu dhidi ya Manchester United, na bado Chelsea ikalala 6-5. Msimu ulipokwisha Chelsea ilikuwa bingwa wa Uingereza kwa mara ya kwanza, na O'Connell akawa na medali ya ubingwa huo na ya Amateur Cup kwa mwaka mmoja. Kisha akarudi kwenye ng'ombe.

Kama ungepewa nafasi ya kurudi nyuma ukatazame mechi moja tu ya klabu hii, ungechagua ipi?

Ningechagua waliyoshindwa, na ningeomba tikiti tatu badala ya moja. Fainali ya Amateur Cup ya mwaka 1954 iliwakutanisha Bishop Auckland na Crook Town, miji miwili iliyotengana kwa takribani kilomita nane. Watu ambao wangeweza kukutana uwanjani kwa miguu walipanda treni na mabasi wakavuka zaidi ya nusu ya nchi hadi London, wakaijaza Wembley pamoja na wengine hadi kufikia 100,000. Mapema katika mchezo mchezaji mmoja wa Bishop Auckland alivunjika mguu. Wakati huo hakukuwa na wachezaji wa akiba wa kuingia, kwa hiyo waliobaki kumi wakacheza muda wote uliosalia, pamoja na dakika za nyongeza, wakatoka 2-2.

Marudiano yalifanyika Newcastle, katika uwanja wa St James' Park, mbele ya zaidi ya watu 50,000, na matokeo yakawa 2-2 tena. Siku chache baadaye wakakutana Middlesbrough, na hapo Crook ikashinda 1-0. Mechi tatu, magoli tisa, na kombe likaishia kilomita nane kutoka mahali ambapo Bishop Auckland walikuwa wamekwishalitengea kabati. Nadhani ushindi mara tatu mfululizo uliofuata hauelezeki bila kipigo kile. Timu haikuvunjwa, nyota wao Bob Hardisty, ambaye alikuwa amekwishavuka miaka 30, alibaki, na mwaka uliofuata walirudi Wembley wakaifunga Hendon 2-0.

Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi na shabiki wa Manchester United. Ni kweli kwamba tuliokolewa na timu ya mchangani?

Marahaba, mwanangu. Neno "mchangani" ungelitamka mbele ya mzee wa Bishop Auckland angekunyima kiti, lakini kisa chenyewe ni cha kweli, ila tusikitie chumvi.

Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyowabeba Manchester United kutoka Belgrade ilianguka Munich ilipokuwa ikijaribu kuruka. Watu 23 walipoteza maisha, wanane kati yao wachezaji. Wapo waliojeruhiwa kiasi cha kutocheza tena, na kwa sababu vijana wa kikosi cha pili walipandishwa haraka kuziba nafasi za marehemu, kikosi cha pili nacho kikabaki kitupu. Hapo ndipo Bishop Auckland ilipowatoa Bob Hardisty, Derek Lewin na Warren Bradley. Uhusiano haukuanzia hewani: kocha wa United, Matt Busby, ndiye aliyeiongoza timu ya Uingereza katika Olimpiki ya London ya 1948, na Hardisty alikuwa mmoja wa vijana wake. Kwa hiyo hawakuokoa kikosi cha kwanza, kama inavyosimuliwa mara nyingi. Walikwenda kusaidia kikosi cha pili kiendelee kuwapo, wakiwa na umri na ukomavu ambao wale chipukizi hawakuwa nao, na kwa wiki zile msaada huo haukuwa mdogo.

Bradley alikwenda mbali kuliko wenzake. Alikuwa winga wa kulia mfupi, mwenye kasi, na kwa kazi alikuwa mwalimu. Msimu wa 1958/59 alipata nafasi kikosi cha kwanza, na United iliyokuwa imezikwa mwaka mmoja tu kabla ikamaliza ya pili katika ligi. Mei 1959 aliitwa timu ya taifa ya England akafunga goli katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Italia. Katika msimu huohuo alikuwa amekwishachezea timu ya taifa ya ridhaa, na hakuna mwingine aliyechezea zote mbili ndani ya msimu mmoja. Hakuacha kufundisha, na alikuja kuwa mwalimu mkuu. Wewe uliye mwanafunzi, mfikirie mwalimu wako wa Jumatatu ambaye Jumamosi ulimwona Old Trafford.

Nimesoma kwamba uwanja wao wa zamani ulikuwa na pande tatu tu. Uwanja unakosaje upande? Na je, Auckland hii ina undugu na ile ya New Zealand?

Uwanja unakosa upande pale unapogawana ardhi na kriketi. Kingsway ulikuwa na majukwaa pande tatu, na upande wa nne ulikuwa nyasi za wenzao wa kriketi, ambao hawakuwa tayari kujengewa ukuta katikati ya eneo lao la kuchezea. Haukuwa ajabu peke yake; Sheffield United, klabu ya Ligi, iliishi hivyo katika uwanja wa Bramall Lane hadi 1973. Golini pale Kingsway alisimama Harry Sharratt, mwalimu mwingine, ambaye husimuliwa hadi leo kwamba siku moja ya theluji, mpira ulipokuwa mbali upande wa wapinzani, alijikusanyia theluji na kujenga sanamu ya mtu kwenye mstari wa goli. Klabu iliondoka Kingsway mwaka 2001, ikapanga kwa majirani kwa miaka mingi kama familia iliyobomolewa nyumba, na mwaka 2010 ikaingia uwanja wake mpya wa Heritage Park.

Kuhusu undugu, upo, ila wa kupitia mlango wa nyuma. Mji wa New Zealand ulipewa jina kwa heshima ya Lord Auckland, na ubwana wa familia yake ulitajwa kwa kijiji cha West Auckland, kilicho jirani kabisa na Bishop Auckland. Kwa hiyo waliowaona Auckland City wakitoka sare 1-1 na Boca Juniors katika Kombe la Dunia la Klabu la 2025 walitazama jina lililotoka katika kijiji cha Durham.

Kijiji hicho kina kisa chake, nami siwezi kukiruka. Mwaka 1909 mfanyabiashara wa chai, Thomas Lipton, alitoa kombe la timu za mataifa mbalimbali mjini Turin, Italia, na Uingereza ikawakilishwa na West Auckland, timu ya wachimba makaa. Wakashinda. Mwaka 1911 wakarudi kulitetea, na katika fainali wakaifunga Juventus 6-1, wakapewa kombe liwe lao daima. Safari ile iliwaacha na madeni, wakaliweka kombe rehani kwa mama mwenye hoteli ya kijijini kwa pauni 40, na likakaa huko hadi mwaka 1960 kijiji kilipochanga pauni 100 kulikomboa. Mwaka 1994 wezi walilichukua, na halijaonekana tena. Linaloonyeshwa kijijini siku hizi ni nakala.